Beseni kwanza, maelezo baadaye

Mmeuliza wiki hii: mtoto wa chekechea afundishwe sayansi vipi pale ambapo shule haina hata kabati la vifaa? Jibu langu ni beseni la maji. Somo la kuelea na kuzama halidai kitu kisichopatikana jikoni au gengeni, na mtoto wa miaka minne au mitano anajionea mwenyewe kwamba alichodhani sicho. Ila ni somo linaloharibika upesi. Mwalimu anasimama mbele, anatumbukiza jiwe, anatumbukiza kijiti, darasa zima linaitikia "jiwe limezamaaa, kijiti kimeeleaaa", na wa nyuma hawajaona kitu zaidi ya mgongo wa mwalimu.

Gawa watoto sita kwa beseni moja. Wengine wachore au wacheze na msaidizi hadi zamu yao ifike. Dakika 20 kwa kundi zinatosha. Maji yawe na kina cha sentimita 15 hivi, na yamwagwe mara tu somo likiisha, kwani mtoto mdogo huweza kuzama hata kwenye maji machache kama hayo. Kazi ifanyike nje kivulini. Sakafu ya saruji ikilowa huteleza. Ukipata lile jagi la maji ya kunywa la lita 18.9, likate juu, funga makali kwa utepe wa gundi, na watoto wataona kitu kikishuka hadi chini.

Vitu visizidi vinane. Vikifika ishirini inakuwa mchezo wa kurusha tu. Betri ziache nyumbani, hasa zile bapa za saa, ambazo mtoto akizimeza ni hatari kubwa. Na usichague vitu vyenye majibu ya wazi: jiwe na unyoya havifundishi kitu, maana kila mtoto anajua. Chagua vinavyobishaniwa. Weka sarafu kando ya papai la kilo moja. Takriban watoto wote watasema papai litazama kwa kuwa ni zito. Sarafu inakwenda chini, papai linabaki juu. Kwa sababu hiyo, mwalimu asiseme kamwe kwamba "vitu vizito huzama". Ni uongo, na utamsumbua mtoto hadi sekondari.

Kabla ya kutumbukiza chochote, kila mtoto akisie. Hapa ndipo penye somo lenyewe, na ndipo wengi wanapokosea. Ukiuliza kwa sauti, mtoto mmoja mchangamfu hujibu na watano waliobaki humfuata. Basi wafumbe macho: kiganja wazi ni "kitaelea", ngumi ni "kitazama". Halafu chora duara mbili chini kwa chaki, kitu kiwekwe kwenye duara iliyopata mikono mingi, ndipo kiingie majini. Kikitoka kimelowa, mtoto akirudishe kwenye duara inayostahili. Vile vilivyohama duara ndivyo vya kuzungumzia. Vingine viache.

Chungwa lina mambo yake. Likiwa na ganda huelea. Likimenywa huzama, ingawa limepungua uzito. Lakini angalia limemenywa vipi. Machungwa ya barabarani humenywa kwa kisu, ganda la kijani likatoka na ule utando mweupe ukabaki. Chungwa la namna hiyo mara nyingi bado huelea, kwa sababu utando huo ndio ulioshika hewa, na mwalimu hubaki ameduwaa mbele ya darasa. Ubandue kwa vidole hadi nyama ionekane, bila kupasua vipande. Lijaribu peke yako asubuhi. Chungwa lililokauka ndani huweza kukataa kuzama.

Kifuniko cha bati cha chupa ya soda kinaleta ugomvi mzuri. Kikilazwa taratibu, upande wa wazi juu, huelea. Kikiingia kwa ubavu huzama. Watoto wawili watabishana vikali, na wote wawili wamesema kweli. Usiamue. Waambie kila mmoja aonyeshe alivyokiweka.

Kwa wanaoishi karibu na wachonga vinyago, omba kibanzi cha mpingo, ule moyo mweusi, si sehemu ya nje iliyo nyeupe. Watoto wameshaona vijiti vyote vikielea, sasa mti huu unakwenda chini kama jiwe. Kibanzi kikielea, yaelekea umepewa mti mwingine uliopakwa rangi ya viatu.

Siku ya pili leta plastisini, ule udongo laini wa kuchezea, tonge la ukubwa wa ndimu. Likiwa tonge huzama. Likitandazwa na kuinuliwa kingo kama bakuli huelea. Kuta zikiwa nene mno bakuli linazama, na mtoto hulibonyeza upya bila kuambiwa. Udongo wa mfinyanzi mbichi haufai badala yake: hulainika majini na kubomoka. Karatasi ya foili nayo ina hila: ikifinyangwa kuwa mpira hubaki na hewa ndani na kuendelea kuelea, mpaka uigonge kwa nyundo iwe bapa.

Mtoto akiuliza kwa nini, usikimbilie neno "msongamano", yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ukubwa wake. Mrudishie swali: "Tubadilishe nini ili kizame?" Anaweza kujibu hilo kwa mikono. Lile jaribio la yai linalozama kwenye maji matupu na kuelea kwenye maji ya chumvi, ambalo walimu wengi hulipenda, lisubiri madarasa ya juu. Chumvi ikishayeyuka haionekani, na mtoto wa chekechea huona kiinimacho tu.

Na machungwa yawe mengi: moja la beseni, mengine ya kuliwa. Maji yaliyopitiwa na mikono ya watoto sita hayafai kugusa kitu cha kutia mdomoni, na hakuna atakayekubali kulitazama chungwa lililomenywa bila kulila.