Sigiri haina moshi, mbona inaumiza kichwa?

SWALI: Habari zenu. Mi niko huku Kabale na baridi ya huku usiku mnaijua, tunaingiza sigiri chumbani tukilala ili tupate joto. Mzee wangu anasema mkaa ukishashika vizuri moshi ukaisha hauna shida tena, lakini juzi niliamka kichwa kinanigonga na kichefuchefu juu, nikafikiri ni maleria, nimepima hakuna kitu. Shuleni tulisoma damu ndo inaleta oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, sasa mkaa unaingilia wapi hapo? Na kama hewa inakosekana si mtu angeamka anatweta? Nina mimba ya miezi sita. – Mama, Kabale

JIBU: Pole sana mama. Kabla ya yote, leo usiku hiyo sigiri ilale nje, tafadhali.

Ulichosoma ni kweli. Ukivuta hewa inafika kwenye vifuko vidogo vya mapafu, kuta zake nyembamba mno, oksijeni inapenya inaingia kwenye damu. Lakini majimaji ya damu peke yake hayabebi kitu cha maana, lita moja ya damu ina oksijeni kama mililita 200 na kati ya hizo kama 3 tu ndo zimeyeyuka, zingine zote zimebebwa na himoglobini, ile protini yenye madini ya chuma iliyojaa ndani ya chembe nyekundu. Ichukue kama boda ya abiria wanne, maana himoglobini moja ina nafasi 4 za oksijeni, na chembe moja nyekundu ina himoglobini kama milioni 270! Zinapakia mapafuni, moyo unasukuma, zikifika kwenye misuli au ubongo zinashusha.

Kwenye kurudi ndo wengi wanachanganya, wanafikiri kabonidayoksaidi inakaa nafasi zile zile. Hapana. Kama asilimia 70 inaungana na maji ndani ya chembe nyekundu, kimeng'enya (protini ya kuharakisha kazi za mwili) kinaharakisha, inakuwa baikaboneti alafu inasafiri kwenye majimaji ya damu. Kama asilimia 23 inashika himoglobini lakini sehemu nyingine, sio kwenye chuma, na kidogo kilichobaki kimeyeyuka tu. Mapafuni inageuka hewa tena unaitoa. Na kuna kitu hapa mi kinanifurahisha sana: misuli ikifanya kazi kabonidayoksaidi inaongezea damu asidi kidogo, na hiyo asidi ndo inailegeza himoglobini iachie oksijeni, yaani panapochoma zaidi ndo panapata zaidi.

Sasa mkaa. Chumba kikifungwa mkaa unakosa hewa ya kuungua sawasawa, unatoa kabonimonoksaidi, haina harufu haina rangi, na huo mkaa mwekundu usio na moshi nao unaitoa vile vile, kwa hiyo mzee hapo hayuko sawa. Hiyo hewa inashika chuma cha himoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200, inakalia nafasi haitoki. Alafu oksijeni iliyopata nafasi zilizobaki nayo inang'ang'ania haishuki vizuri, kwa hiyo mwili unapata hasara mara mbili.

Na kwanini mtu haamki? Kinachotufanya tutwete kwa kawaida ni kabonidayoksaidi ikizidi, ubongo unaisikia kwa ile asidi, ukibana pumzi kile kiherehere cha kuvuta hewa kinatoka hapo. Kwa sigiri unaendelea kupumua, kabonidayoksaidi inatoka kama siku zote, ile oksijeni kidogo iliyoyeyuka nayo iko sawa, basi ubongo haustuki, mtu analegea tu anazidi kulala. Hata kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni kinadanganyika, kinaweza kusoma asilimia 98 wakati damu imejaa kabonimonoksaidi. Na wale wanaoweka beseni la maji karibu na sigiri, hiyo haisaidii, maji hayainyonyi hiyo hewa.

Kama ni baridi, chemsha maji huko nje uyatie kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, ifunge na kitambaa uweke miguuni.

Kuhusu mimba ndo nataka uwe makini. Mtu mzima akitoka nje kwenye hewa safi nusu ya ile sumu inatoka kwa masaa 4 mpaka 6 hivi, akiwekewa oksijeni kwa maski ni kama saa moja na nusu. Mtoto tumboni anachelewa zaidi, inavuka kondo inamfikia na himoglobini yake inaishika sana, kwa hiyo wewe unaweza kujisikia umepona yeye bado. Nenda hospitali kesho hata kama kichwa kimeacha, waambie wazi mlilala na sigiri ndani, maana usiposema watarudi kwa maleria tu, na omba wasikilize moyo wa mtoto. Ukiona anacheza kidogo kuliko alivyozoea usingoje kesho, nenda usiku huo huo.