Kwa dada aliyegongwa na matatu Mamboleo

Pole sana, dada. Umesema gari lako lina bima ya thadi pati tu, yaani ile ya kuwafidia watu wengine, na dereva wa matatu anataka kukutumia elfu kumi kwa simu mmalizane. Usizipokee kwanza.

Bima yako haitakutengenezea gari. Sura ya 405 ya sheria za Kenya inalazimisha bima ya watu wengine watakaoumia au kufa, hadi shilingi milioni 3 kwa kila mtu. Dai lako liko kwa bima ya hiyo matatu, kama nayo inafidia mali, na nyingi hufidia hadi kiwango kilichoandikwa. Kwa hiyo chukua namba ya gari, jina la kampuni ya bima na namba ya cheti, kisha uripoti polisi leo upate abstrakti, yaani karatasi ya polisi ya kuthibitisha ajali. Bila hiyo karatasi utazungushwa. Ijulishe pia kampuni yako hata kama hudai chochote, kwa sababu mwenye matatu anaweza kugeuka akudai wewe.

Na gari usiliguse! Mimi nilipeleka langu kwa fundi wa Kibuye kabla ya mkaguzi wa bima kuliona, bampa ikanyooshwa vizuri kabisa, dai likakataliwa. Nililia. Piga picha za pande zote, namba zote mbili zionekane.

Shingo ikianza kuuma, nenda hospitali kabla hujatia sahihi hati yoyote ya kukubali malipo. Ukishatia sahihi, ni vigumu sana kurudi kudai zaidi.