Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Mzee Anaifunga Injini Mara Mbili?

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja, nalo ni injini za magari ya mashindano zinazofungwa moja moja katika karakana ndogo na mafundi walioota mvi. Nimechagua nne na kuzifupisha kidogo. Msomaji ajue kwamba anayejibu si mwalimu wa chuo. Nimefanya kazi hii hadi macho yakanilazimisha kushika miwani ya pili, na kuna mahali hapa chini nimeeleza kosa langu mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa ufundi magari. Mwalimu wetu anasema mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata chuma kwa usahihi ambao mkono wa binadamu hauwezi kuufikia. Kama ndivyo, kwa nini wenye magari ya mashindano bado wanawapelekea kazi wazee watatu au wanne walio katika karakana isiyozidi ukubwa wa darasa letu? – Mwanafunzi, Morogoro.

JIBU: Mwalimu wako amesema kweli, na hakuna mzee mwenye akili anayeshindana na mashine hiyo, wengi wao wanayo, au wanapeleka vyuma vyao kwa mwenye nayo. Lakini mashine hukata pale ilipoambiwa, na kazi ngumu ni kuamua pa kukata. Kiwanda kinachotoa injini laki moja kinataka pistoni yoyote iingie katika silinda yoyote bila mtu kukaa akichagua, kwa hiyo kinaacha nafasi itakayovumilia tofauti ndogondogo, dereva mzembe na oili iliyochelewa kubadilishwa. Injini ya mashindano ni moja, mwenyewe anajulikana, njia itakayopita inajulikana, hata petroli itakayonywa inajulikana. Fundi anaweza kuipa kila silinda kipimo chake na kukiandika daftarini.

Ukitaka kuona karakana ndogo inavyoweza kushika mchezo mzima, tazama Los Angeles ya miaka ya 1930. Harry Miller, aliyekuwa ameunda injini maarufu za mashindano, alifilisika mwaka 1933. Fred Offenhauser, mkerezaji aliyekuwa msimamizi wa karakana yake, akaiendeleza injini ya silinda 4 iliyokuja kuitwa kwa jina lake. Mchoraji wa injini hiyo alikuwa Leo Goossen, ambaye alikuwa akichora tangu enzi za Miller na akaendelea baada ya Offenhauser kuwauzia kazi hiyo Louis Meyer na Dale Drake mwaka 1946. Kuanzia 1947 hadi 1964, kila gari lililoshinda Indianapolis 500, mashindano makubwa ya Marekani, lilikuwa na injini hiyo, yaani mashindano 18 mfululizo, na hapakuwa na kiwanda kikubwa cha magari nyuma yake.

Namna ilivyoundwa ndiyo inayoonyesha kwa nini ilihitaji watu walioizoea. Bloku na silinda hedi vilisubiwa kuwa kipande kimoja, kwa hiyo hapakuwa na gasketi ya hedi ya kuungua. Hilo ni jambo jema sana mpaka siku ya kusaga vali, ile milango midogo ya kuingiza hewa na kutoa moshi. Hedi haifunguki, basi unafanya kazi kutoka chini, mkono ukiwa ndani ya tundu la silinda, kwa kugusa zaidi kuliko kuona. Krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo iliingizwa kwa kusukumwa kutoka mwisho wa kasha lake, ikiwa imevaa vishikizo vya beringi. Kazi ya namna hiyo mtu huijua baada ya kuirudia mara nyingi, na aliyeirudia mara nyingi huwa amezeeka.

Uingereza nako ni hadithi ya aina hiyo. Mike Costin na Keith Duckworth waliunganisha majina yao mwaka 1958 wakapata Cosworth, kampuni ya watu wachache. Baadaye Ford ilitoa pauni 100,000, na sehemu ya kazi iliyotokana nazo ikawa injini ya DFV yenye silinda 8 na ujazo wa lita 3. Ilishinda siku yake ya kwanza kabisa, katika mashindano ya Zandvoort, Uholanzi, Juni 1967, Jim Clark akiwa usukani. Nguvu zake za mwanzo zilikuwa takribani farasi 400 kwa mizunguko 9,000 kwa dakika.

Tusiipite hiyo 9,000 haraka. Ni mizunguko 150 kwa sekunde moja. Ina maana kila pistoni inasimama na kugeuka mara 300 katika muda unaotumia kusema neno «pistoni». Katika DFV pistoni husafiri milimita 64.8 toka juu hadi chini. Ukipiga hesabu utaona kwamba gramu 1 iliyozidi upande mmoja wa krenki, pale inaposhika konrodi, fimbo inayoiunganisha pistoni na krenki, itavuta kwa nguvu ya karibu kilo 3, na itavuta hivyo mara 150 kila sekunde. Ndiyo maana utamkuta mzee ameketi na mizani ndogo kama ya muuza dhahabu, anaipima konrodi ncha kubwa peke yake na ncha ndogo peke yake, halafu anainuka kwenda kuikwangua kidogo iliyo nzito. Anapoikwangua hachagui mahali popote, kwa sababu mchubuko mdogo uliobaki ndipo ufa unapoanzia.

SWALI: Nimempelekea fundi injini ya gari langu la mashindano. Wiki ya sita hii. Nilipokwenda nilikuta imefungwa, nikafurahi. Nilipokwenda tena Jumamosi nikakuta ameifungua yote na juu ya pistoni kuna udongo wa kuchezea watoto. Je, nimeingia mikononi mwa tapeli? – Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu yangu, huenda umepata fundi mzuri kuliko ulivyojua. Injini ya mashindano hufungwa mara ya kwanza ili ipimwe, ikafunguliwa, ikasafishwa, ndipo ikafungwa ya kwenda nayo. Fundi anayeifunga mara moja tu ndiye wa kumtilia shaka.

Nikueleze ule udongo. Kamshafti (mhimili unaosukuma vali) ya mashindano huzifungua vali zaidi na kuziacha wazi muda mrefu zaidi, hivyo kuna nukta ambapo pistoni inapanda na vali bado haijarudi nyumbani. Fundi anabandika kipande cha udongo juu ya pistoni, anaupaka mafuta kidogo usigande kwenye vali, anafunga hedi na gasketi iliyokwisha kutumika, kisha anaizungusha injini kwa spana na mkono, taratibu, mizunguko miwili kamili. Anafungua. Vali zimeacha alama zao kwenye udongo. Anaukata kwa wembe katikati ya alama na kupima unene wa sehemu iliyobaki nyembamba kuliko zote. Wengi hawakubali iwe chini ya takribani milimita 2 upande wa kuingiza hewa na 2.5 upande wa ekzosi, kwa kuwa vali ya ekzosi hurefuka kwa joto na pistoni huikimbiza inapofunga. Akikuta milimita 1, injini yako haiwashwi. Ingewashwa, ungeitwa kuja kuokota vipande.

Kazi nyingine iliyomla siku ni kupima ujazo wa vyumba vya kuchomea mafuta. Hedi hugeuzwa chini juu, vali na plagi zikiwa mahali pake, chumba kinafunikwa kwa kioo cha plastiki chenye tundu dogo, na spiriti iliyotiwa rangi inateremshwa kutoka kwenye bureti, ile ile ya maabara ya shule, hadi kiputo cha mwisho cha hewa kitoke. Chukua mfano wa injini ya lita 2 yenye silinda 4. Kila silinda hufagia sentimita za ujazo 500. Kama nafasi yote inayobaki pistoni ikiwa juu ni 50, uwiano wa mgandamizo ni 11 kwa 1, yaani 550 zinabanwa ziwe 50. Jirani yake akiwa na 47, uwiano wake umepanda hadi 11.6. Hizo 3 ni nusu kijiko cha chai na zaidi kidogo, lakini silinda ile ndiyo itakayoanza kugonga wakati wenzake watatu wako salama, nawe utasema petroli ilikuwa mbaya.

Sasa kosa langu. Nilikuwa na miaka sita kazini, nikiamini mikono yangu kuliko daftari. Zikaja ringi mpya, pete za chuma zinazoizunguka pistoni, ambazo boksi lake lilisema hazihitaji kuguswa, gari lilikuwa linasubiriwa, nami nikazivisha bila kupima mwanya. Ringi hupimwa ikiwa ndani ya silinda yake yenyewe, imesukumwa chini kwa pistoni iliyogeuzwa ili ikae sawa, halafu fila geji, bamba jembamba la kupimia nafasi, inapitishwa kati ya ncha zake mbili. Silinda ya milimita 90 huhitaji mwanya kama wa milimita 0.40 kwa injini itakayofanyishwa kazi nzito. Sikupima. Injini iliimba vizuri dakika ishirini hivi, ikaanza kuwa nzito, ikakwama. Nilipoifungua, ncha za ringi ya juu zilikuwa zinang'aa kama kioo, kwa kuwa zilipanuka kwa joto, zikakutana, zikakosa pa kwenda, zikaikwaruza silinda toka juu hadi chini. Mwenye gari hakunigombeza. Aliniuliza tu nilipata kipimo gani, nikanyamaza. Nimekuwa mchelewaji tangu siku hiyo, na wateja wangu wameninung'unikia kama unavyomnung'unikia fundi wako.

Mwombe akuonyeshe daftari. Likiwa na namba za kila silinda kwa mwandiko wake, rudi nyumbani ukasubiri. Likiwa halipo, hapo una haki ya kuuliza kwa sauti kubwa zaidi.

SWALI: Nina gari la zamani ninaloliandaa kwa safari ndefu za magari ya kale. Injini ilifungwa huku kwetu na inakwenda vizuri, lakini nikiteremka Mombasa inagonga nikikanyaga mafuta, na fundi anataka kuifungua apunguze mgandamizo. Kwa nini hakuuweka sawa toka mwanzo? – Mwenye Datsun, Nakuru.

JIBU: Pengine aliuweka sawa kwa Nakuru. Mji wenu uko takribani mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya sita kuliko ya pwani. Injini inayotoa farasi 180 Mombasa itatoa kama 150 kwenu, bila kuwa na ugonjwa wowote. Fundi anayeifunga ikae juu huweza kurudisha sehemu ya nguvu hizo kwa kuongeza mgandamizo, kwa kuwa silinda haijazwi ikashiba, na huweka jeti (tundu la kupitishia petroli) ndogo zaidi katika kabureta ili mchanganyiko usiwe na petroli ya kupita kiasi. Ukiteremka, silinda inashiba, hewa ina joto, jeti zinatoa petroli pungufu, na mgandamizo ule ule uliokuwa dawa unakuwa sumu. Mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia, na huko ndiko kugonga unakokusikia. Usiendelee kukanyaga. Badilisha jeti kwanza, rudisha taimingi ya cheche za plagi nyuma kidogo, halafu umwache apunguze mgandamizo kama kugonga kungalipo.

Hili si jambo geni katika nchi zetu. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi njia yake ilipanda nyanda za juu na kuteremka pwani ndani ya mashindano hayo hayo, kwa hiyo waliofunga injini zake walilazimika kuchagua zile zitakazopata shida ndogo kila mahali. Datsun 240Z ya silinda 6 ilishinda mwaka 1971 na 1973. Kati yake, mwaka 1972, Hannu Mikkola alishinda kwa Ford Escort RS1600, akiwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kufanya hivyo, na injini iliyokuwa chini ya boneti yake ilitoka katika mikono ya wale wale Cosworth niliowataja juu. Kwa njia kama hiyo mimi ningekushauri usizidai farasi kumi za mwisho. Utazikumbuka siku ya kwanza tu; kilomita elfu moja baadaye utamshukuru aliyekunyima.

SWALI: Nimemaliza VETA na nimepata mzee mmoja anayefunga injini za mashindano, lakini ameniambia nirudi «nikijua kupima». Ninunue chombo gani kwanza? Mimi ni msichana, na naona kama ananizungusha. – Msomaji, Mbeya.

JIBU: Binti yangu, inawezekana anakuzungusha, wapo wa namna hiyo, lakini inawezekana pia amekupa mtihani, maana maneno hayo hayo niliambiwa mimi. Seti kubwa ya spana inaweza kusubiri. Nunua maikromita (chombo cha kupimia unene) moja nzuri ya milimita 25 hadi 50, hata kama imekwisha kutumika, mradi uikague kwa kipande chake cha kupimia, na daftari lenye jalada gumu. Halafu tafuta krenki mbovu ya gari dogo iliyotupwa nyuma ya gereji yoyote; hawatakudai. Isafishe kwa dizeli, ifute, uiache ilale usiku kucha mahali penye kivuli pamoja na maikromita, ili vyote viwe na joto moja.

Asubuhi pima kila shingo ya krenki mahali panne, mbili karibu na ncha hii na mbili karibu na ile, ukizungusha robo duara kati ya kipimo na kipimo, na uandike hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Kumbuka kwamba shingo ya milimita 50 huachiwa nafasi ya oili kama ya milimita 0.05, ambayo ni nyembamba kuliko unywele wako, kwa hiyo ukikosea kwa sehemu mbili tu za mia umekosea karibu nusu ya nafasi yote. Funga daftari. Siku ya pili pima upya bila kutazama namba za jana. Zikilingana siku tatu mfululizo, mchukulie mzee daftari na krenki yenyewe, umwache aipime mbele yako.