Maswali na Majibu: Taka za sikukuu, lango la ufukweni na choo kinachofurika

SWALI

Shikamoo Bwana Afya. Mimi ni mtendaji katika mji mdogo wa pwani, kusini ya Dar es Salaam. Wakazi wetu ni kama 10,000. Tuna trekta 1 na tela lake, vibarua 6, na dampo liko kilomita 7 kutoka mjini. Siku za kawaida tunajitahidi. Shida ni sikukuu. Watu 4,000 na zaidi hushuka ufukweni, na kesho yake vibarua wakifika saa 1 asubuhi wanakuta taka nyingi zimeshachukuliwa na bahari. Baadhi ya wajumbe wanataka tujenge lango na ukuta wa matofali pale ufukweni, kila anayeingia alipe shilingi 500. Je, inafaa? Pia choo cha umma tulichojenga karibu na ufukwe kinafurika kila bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Fundi anasema tuchimbe shimo liende chini zaidi. Naomba ushauri.

JIBU

Marahaba, ndugu Mtendaji. Nitaanza na maji, pesa zitafuata, kwa sababu ratiba yako ya usafi imepangwa kwa saa ya ofisi wakati ufukwe unaendeshwa na mwezi.

Katika pwani yetu, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa 10 jioni na tena saa 10 alfajiri, kisha huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Wavuvi wako wanajua hayo bila kufungua kitabu. Sasa tazama kalenda. Idi el Fitri ni Mfunguo Mosi, tarehe mosi, mwezi ndio kwanza umeandama. Maana yake kila Idi el Fitri, mwaka hadi mwaka, inakutana na bamvua. Maji yanajaa saa 10 hadi saa 11 jioni, wakati huohuo watu wamefurika mchangani na sehemu ya kukaa imebaki ukanda mwembamba. Yanakupwa mpaka saa 4 au saa 5 usiku, halafu yanarudi kujaa kabla ya jua kuchomoza. Vibarua wako wakifika saa 1 asubuhi, bahari imeshapita mara 2. Tena miaka hii ni mibaya zaidi, kwa kuwa Idi ya 2025 na ya 2026 zimeangukia Machi, na Machi pamoja na Septemba ndiyo miezi ambayo bamvua hupanda juu kuliko kawaida.

Idi el Hajj ni hesabu nyingine kabisa. Inaangukia tarehe 10 Mfunguo Tatu, wakati wa maji mafu. Maji hujaa karibu na saa 5, asubuhi na usiku, lakini hayapandi sana. Siku hiyo unaweza kuwaacha vibarua walale, waanze alfajiri, na utakuta sehemu kubwa ya taka iko palepale zilipoachwa. Pasaka haina kanuni nyepesi hivyo: inaweza kuwa siku moja baada ya mwezi mpevu au wiki nzima baadaye, kwa hiyo angalia jedwali la maji la mwaka husika. Mwaka mpya vilevile. Chukua jedwali la Mamlaka ya Bandari, kaa na nahodha mmoja mzee na kiongozi wa BMU yenu, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, mwandike sikukuu zote za mwaka pamoja na saa za maji. Karatasi hiyo moja itawasaidia kuliko tela la pili.

Kwa nini nasema hivyo? Tufanye hesabu. Kwa mji wa aina yenu mimi huanza na nusu kilo ya taka kwa mtu kwa siku, kisha napima ili nirekebishe. Watu 10,000 ni tani 5. Tela la mita za ujazo 4, kwa taka mchanganyiko za nyumbani, hubeba tani 1 na robo hivi, kwa hiyo mnahitaji safari 4 kwa siku. Kwa dampo la kilomita 7 na kupakia kwa makoleo, safari 4 ndiyo siku nzima. Trekta limeshamalizika kabla mgeni hajafika.

Siku ya sikukuu ongeza wageni 4,000 kwa gramu 400 kila mmoja, yaani tani 1.6. Lakini hizi ni chupa za maji, sahani za plastiki na vifungashio: nyepesi, zinajaza tela bila uzito. Hizo peke yake ni safari 3. Halafu kuna madafu, ambayo watu wengi hawayahesabu. Dafu likishanywewa, kinachobaki kina uzito wa karibu kilo moja, mara nyingi zaidi. Wauzaji wakiuza madafu 1,500, mmeachiwa tani 1 na nusu, safari nyingine nzima. Na dafu lililokatwa juu na kuachwa wazi ni bakuli la maji ya mvua. Mbu anayeeneza dengue anataka maji kidogo tu, safi, kivulini. Rundo la makumbi nyuma ya vibanda wakati wa masika ni suala la afya, si uchafu wa macho tu.

Kwa hiyo siku hiyo mnahitaji safari 8, na uwezo wenu ni 4. Ukitaka kuondoa zote siku hiyohiyo utaomba trekta la pili, hutalipata, na bahari itaendelea kuchukua fungu lake. Tenganisha kazi mbili: kukusanya na kusafirisha. Kukusanya kuwe usiku uleule maji yakikupwa, kuanzia saa 1 usiku hadi saa 5. Taka zipandishwe juu ya mstari wa bamvua na kuwekwa kwenye vituo 3 au 4 vilivyozungushiwa wavu. Kusafirisha kunaweza kuchukua siku 4, safari moja ya ziada kila siku juu ya zile za kawaida, hakuna haraka, mradi tu visigeuke vituo vya kudumu. Mstari wa bamvua haukisiwi. Siku 2 au 3 baada ya mwezi kuandama tembea ufukweni, ona mahali majani ya bahari na vijiti vilipoishia, kisha pigilia vigingi hatua kadhaa juu ya hapo.

Vibarua 6 hawatoshi kwa usiku huo, utahitaji kama 15, wenye glovu nzito na taa za kichwani. Wachukueni kupitia vikundi vya vijana na akina mama mlivyo navyo, na walipwe usiku huohuo kazi ikiisha. Kibarua anayesubiri malipo mpaka mwisho wa mwezi hatarudi Idi ijayo, na ana haki asirudi.

Jambo moja naomba sana: trekta lisishuke mchangani na reki kubwa kukusanya kila kitu. Majani ya bahari yanayotupwa na upepo wa kusi yanashika mchanga. Mkiyazoa yote pamoja na plastiki, mnazoa na ufukwe wenyewe. Okoteni plastiki kwa mkono, majani muyaache. Na kama kwenu kasa hupanda kutaga, kama ilivyo katika baadhi ya fukwe za Mafia na Pangani, gurudumu linaponda mayai ambayo hakuna aliyeyaona.

Sasa lango. Jibu langu ni hapana, kwa sababu 3.

Ya kwanza ni sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaruhusu ukanda huohuo kutangazwa kuwa ardhi hatarishi. Ukuta wa matofali mnaotaka kuujenga ndio tunaowakataza wenye hoteli kila siku. Tukijenga sisi, kesho tutamwambia nini mwekezaji? Isitoshe, ukuta usiopimwa na mhandisi wa pwani hufanya mawimbi yaule mchanga wa mbele yake. Ya pili, kutoza bila sheria ndogo ni kuchangisha watu isivyo halali, hata kama wajumbe wote wamekubali. Mamlaka ya mji mdogo iko chini ya halmashauri ya wilaya, kwa hiyo tozo mpya lazima ipite baraza la madiwani, wananchi watangaziwe na kupewa nafasi ya kupinga, Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI aridhie, na itoke kwenye Gazeti la Serikali. Baada ya hapo pesa ipokelewe kwa mashine ya POS au kwa namba ya malipo, si kwa kitabu cha risiti cha dukani.

Ya tatu ndiyo ninayoiona nzito kuliko zote. Ufukwe si wa wageni peke yao. Pale wanapita akina mama wanaokwenda kuokota pweza maji yakipwa, wavuta juya, watoto wanaotoka madrasa kuogelea. Mlinzi wa lango atamjuaje nani mkazi na nani mgeni? Atatoza wote au atachagua, na yote mawili ni dhuluma. Bahari hii wazee wao waliitumia kabla ya halmashauri kuwepo.

Pesa ya mgeni ipo, ila ichukuliwe pale ambapo tayari anasimama kulipa. Maegesho ndipo penye uzito: coaster moja ina watu 28 na dereva mmoja wa kumtoza. Chukua mfano wa coaster 60 kwa shilingi 5,000 kila moja, magari madogo 200 kwa 1,000, na meza za biashara 100 kwa 1,000. Hizo ni shilingi 600,000 kwa siku, zikikusanywa na watu 4 wenye mashine. Vibarua 15 kwa shilingi 12,000 ni 180,000. Weka dizeli, glovu na mifuko, bado inabaki akiba. Viwango vyenu vitatofautiana, lakini mpangilio ni huo. Mkianza, chunguzeni kwanza sheria ndogo za halmashauri zilizopo, kwa sababu ushuru wa maegesho na wa meza mara nyingi umeshapitishwa na haukusanywi tu. Kwa muuzaji wa madafu sharti liwe kwenye kibali chake: kabla ya kuondoka anapeleka makumbi kituoni. Wengi watakubali bila ugomvi mkiwawekea kituo karibu.

Pale utakapokwama ni kwenye kurudishiwa. Makusanyo yanakwenda akaunti ya halmashauri, na mji mdogo unabaki kuomba dizeli kwa barua. Pigania katika bajeti kifungu chenye jina lake, usafi wa ufukwe siku za sikukuu, chenye kiasi kilichoandikwa. Peleka na hesabu ya safari za trekta kama niliyokupa, ukiwa umepima mwenyewe kwa wiki moja: mizani ya soko la samaki inatosha, pima ndoo 20 za taka upate uzito wa ujazo. Madiwani hukataa malalamiko kirahisi, lakini kukataa vipimo ni kazi ngumu. Kwa chombo cha kupita kwenye vichochoro vya mchanga, guta la pikipiki linafaa kuliko trekta. Vikundi vinaweza kulikopea kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mifereji na barabara ya kushukia ufukweni muiandikie TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hiyo si kazi yenu tangu 2017.

Nije kwenye choo. Usimsikilize huyo fundi. Shimo lenu limeshafika kwenye maji ya ardhini, na maji hayo hupanda na kushuka kufuata bahari. Kila mita mnayoongeza chini ni kinyesi mnachokiweka karibu zaidi na visima vya watu, na kwenye mwamba wa matumbawe maji machafu hupita nyufani haraka bila kuchujwa. Kabla ya kujenga kingine, chimbeni shimo la majaribio, siku ya bamvua, wakati wa masika, mwone maji yanasimama wapi. Kitako cha shimo la kunyonya kinatakiwa kuwa angalau mita 1 na nusu juu ya hapo. Kwenu najua haitawezekana, basi jengeni choo juu, chenye ngazi na njia ya kiti cha magurudumu, na tangi lisilovuja linalonyonywa na gari la majitaka. Kiwe nje ya zile mita 60, mahali gari hilo linafika bila kuzama mchangani.

Kuna kosa linalorudiwa na mafundi wengi: wanafukia tangi la plastiki, gari linakuja kulinyonya siku ya bamvua, na tangi likishakuwa tupu linasukumwa na maji ya chini mpaka linachomoza, mabomba yote yamekatika. Tangi lijengwe kwa zege zito, au kama ni la plastiki lifungwe kwenye kitako cha zege, na lisinyonywe likabaki tupu siku maji yako juu. Mchanga wa zege usiwe wa ufukweni, kwa maana chumvi yake inakula nondo na mnapunguza ufukwe mnaotaka kuutunza. Matundu ya wanawake yawe mara 3 ya ya wanaume, kuwe na maji na ndoano ya kutundika nguo, na mtunza choo awepo mpaka mtu wa mwisho aondoke. Choo kinachofungwa saa 12 jioni siku ya Idi hakina maana.

Kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na halmashauri huanza kuandaa bajeti miezi mingi kabla, wiki ya kupima taka ifanye sasa. Ikiwa sikukuu iliyo karibu itakukuta bila fedha, anza na vigingi vya mstari wa bamvua, vituo vya wavu na zamu ya usiku. Vitu hivyo havihitaji sheria ndogo.