Ruti ikirudi kwa mlango wa nyuma: vile nilizungusha ofisi ya Busia siku nzima

Kama uko na rauta mbili zinazobadilishana ruti (njia za kufikia mitandao) kati ya OSPF na RIP, zile protokali mbili rauta hutumia kuambiana njia, na hujaweka tegi (alama ya namba kwa ruti) mahali popote, hebu keti kidogo. Mimi hii kitu ilinifunza adabu hapa Kisumu na sitaki ikupate pia wewe.

Tulikuwa hivi: Kisumu na Eldoret ziko OSPF, halafu Kakamega, Bungoma na Busia bado ziko RIP juu vifaa vyake ni vya zamani na bosi hakutaka kusikia neno kununua. Rauta ya Kisumu ndio ilikuwa mpakani, inachukua ruti za RIP inazimwaga OSPF, inachukua za OSPF inazimwaga RIP, na ilikaa hivyo muda mrefu bila kelele. Sasa mimi na ujuaji wangu nikasema hii moja ikizima tumeisha, wacha niweke mpaka wa pili kule Eldoret, nayo iingie Kakamega. Nikakopi konfigi ya Kisumu nikabandika, nikapingi Kakamega ikajibu, nikapanda boda nikaenda zangu Dunga kula samaki.

Asubuhi simu ya kwanza ni mama wa uhasibu wa Busia. "Kijana, hii mashine yenu inazunguka tu, kwani leo tutalipa watu na nini?" Hakujua, lakini alikuwa ameshasema ugonjwa wenyewe.

Kilichonichanganya ni kwamba Kakamega ilikuwa sawa kabisa, Bungoma kompyuta zingine zinafika na zingine hazifiki, Busia ndio imekufa. Ukiona hivyo unafikiria nini? Faiba. Nikapigia watu wa laini nikawasumbua karibu saa mbili, na laini yao haikuwa na shida yoyote, nilikuja kuomba msamaha baadaye. Kitu nilifaa kufanya dakika ya kwanza ni traceroute (amri ya kuonyesha kila rauta pakiti inapitia), na nilipoipiga kutoka Kisumu kwenda Busia ikaniletea Eldoret, Kakamega, Kisumu, Eldoret, Kakamega, Kisumu, hadi ikafika hop (hatua) ya 30 ikachoka. Anwani tatu zinajirudia kwa mpangilio ule ule, hiyo si laini, hiyo ni lupu, pakiti zinazunguka bila kufika. Na ndio maana pia grafu ya laini ya Kisumu na Eldoret ilikuwa imepanda na hakuna mtu anadaunilodi kitu: pakiti ya Windows inatoka na TTL (idadi ya rauta inaruhusiwa kupita) ya 128, kila rauta inapunguza moja, kwa hivyo kwa rauta tatu hiyo pakiti moja inazunguka kama mara 42 kabla ife.

Nikampigia mzee mmoja aliyenishika mkono nikianza hii kazi. Hakuniuliza konfigi, aliniuliza swali moja: "Hiyo ruti ya Busia, Kisumu imeambiwa na nani?" Nikapiga show ip route (amri ya kuonyesha orodha ya ruti), nikaona O E2 na mbele yake [110/20], yaani Kisumu imeambiwa na Eldoret kupitia OSPF. Na Eldoret je? Imeambiwa na Kakamega, kwa RIP. Na Kakamega? Imeambiwa na Kisumu. Hapo nikanyamaza.

Ni kama udaku wa ploti. Unamwambia jirani kitu, kinapita milango miwili, kinakurudia kama habari mpya na hakuna mtu anakumbuka ulianza wewe. Ruti ikivuka kutoka protokali moja kwenda nyingine inapoteza historia yake, metriki (namba ya umbali, ndogo ndio bora) ya zamani inatupwa na inapewa mpya. Eldoret ilisikia Busia kwa RIP ikaitangaza OSPF. Kisumu nayo ilikuwa imeisikia kwa RIP, lakini kwa Cisco OSPF ina distansi ya 110 na RIP 120, na ndogo ndio inaaminika, kwa hivyo ikatupa ukweli ikashika udaku. Halafu ikaurudisha RIP na metriki ya 1, ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika. Kakamega ilikuwa inaijua Busia kwa metriki ya 2 kupitia Bungoma, ikaona hii ya 1 ni tamu zaidi. Bungoma yenyewe ilikuwa metriki ya 1, ikatoka sare, ndio maana Kakamega ilikuwa inagawanya nusu huku nusu kule.

Na ubaya wa hii lupu ni kwamba inajilisha. Hata ungekata waya wa Busia, ruti ingebaki hai, hao watatu wanahakikishiana, na ile hesabu ya RIP ya metriki kufika 16 ndio ruti ife haifiki kamwe kwa sababu Kisumu inairudisha 1 kila mara.

Dawa ya haraka: nilizima kumwaga OSPF ndani ya RIP pale Kisumu, Busia ikarudi. Na kusema ukweli, mara nyingi hata huhitaji kumwaga pande zote mbili, upande mdogo upatie ruti ya difolti tu (ile ya kusema usichokijua tuma huku) uachane nao. Sisi tulihitaji, kwa hivyo nikaweka tegi kwa rauta zote mbili za mpakani: kila ruti inayotoka RIP kuingia OSPF inapigwa tegi 120, na inayotaka kurudi RIP ikiwa na tegi 120 inakataliwa mlangoni. Upande wa pili hivyo hivyo na 110. Hakikisha ni RIP toleo la 2, la 1 halina mahali pa kubeba tegi. Na usisahau mstari wa mwisho wa kuruhusu zingine kwa route-map (orodha ya kuruhusu na kukataa ruti), mimi nilisahau na Kakamega ikapoteza ruti zote za OSPF, simu zikaanza upya.

Tegi inaua lupu lakini Kisumu bado itaenda Busia kwa kuzunguka Eldoret, kwa hivyo kwa rauta hizo mbili niliongeza distance ospf external 130 (ruti OSPF imeletewa kutoka nje zipewe distansi ya 130), ndio RIP ishinde kwa ruti zake yenyewe. Nikaona R [120/3], yaani Kisumu sasa inaijua Busia kwa RIP, nikapumua.

Lakini sikuamini bado. Nikampigia yule mama nikamwomba achomoe ile waya ya bluu kwa rauta kwa dakika tano. Nikakaa natazama skrini: ruti ya Busia ikaandikwa possibly down (huenda imekufa), ikakaa, ikatoka kabisa, na haikurudi kutoka upande wowote. Nilikuwa nimesahau yule mama bado yuko kwa simu.

"Sasa nirudishe ama nishike tu hivi?"