Beji ya mionzi haikukingi
Kuna wanaodhani ile beji ya kifuani wanayovaa wanaofanya kazi na mionzi, kama ya eksirei, inawakinga. Hapana, haizuii mionzi hata kidogo, kazi yake ni kurekodi tu dozi, yaani kiasi cha mionzi ulichopata, halafu inapelekwa maabara kusomwa. Mi nafanya ushauri wa usalama wa mionzi na muda mwingi naishia kwenye hizo ripoti za dozi, kupima kuta za chumba cha eksirei kama zinavujisha, na kugombana na watu wanaoacha koti lenye beji humohumo kwenye chumba cha mashine, eti baadaye wanashangaa dozi imepanda! Kikomo cha mfanyakazi kwa mujibu wa ICRP (tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi) ni wastani wa milisiveti 20 (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa mwaka, ukipiga hesabu ya miaka 5, na hakuna mwaka unaoruhusiwa kuzidi 50. Mjamzito kikomo chake ni cha chini zaidi, atoe taarifa mapema.