Maswali Yenu: Kikundi cha Wenyewe kwa Wenyewe Ndani ya Chuo cha Mafunzo

Tangu tulipogusia vikundi ambavyo wafungwa hukaa na kuongozana wenyewe, barua hazijakatika. Kwa wasomaji wa Bara: huku Zanzibar magereza yanaitwa vyuo vya mafunzo, na aliyefungwa huitwa mwanafunzi. Nimechagua sita, majina nimeyaacha.

Mwanangu yuko ndani mwaka wa pili sasa. Nilipokwenda kumtazama aliniambia kila wiki wanakaa kikundi, wafungwa watupu, wanazungumza. Mimi nakhofu. Mwizi akikaa na mwizi watafundishana nini? (Mama, Wete)

Shikamoo mama. Khofu yako si ya bure, kufundishana maovu kupo. Lakini huko hakungoji kikundi. Kunafanyika usiku, mlango ukishafungwa na watu hawana la kufanya. Kikundi chenye utaratibu ni kitu kingine kabisa.

Wanakaa duara, tuseme watu kumi au kumi na wawili, mkekani. Kikombe cha plastiki kinapita mkono kwa mkono; aliyekishika ndiye mwenye neno, wengine kimya. Asiyetaka kusema anakipitisha na wala haulizwi. Masharti wameyaweka wenyewe siku ya kwanza: hakuna kutukanana, hakuna kukatana kauli, kila mtu anasema yake na si ya mwenzake. Swali la siku huwa dogo. Kwa mfano: mara ya mwisho ulipopandwa na hasira, ulianza kuisikia wapi mwilini? Mmoja atasema masikio yalimchemka, mwengine atasema mikono ilimwasha. Linaonekana swali la kitoto, lakini mtu anayejua hasira humwanzia wapi hupata nafasi ya kuondoka kabla hajanyanyua ngumi.

Tena si mambo ya jana. Mwaka 1975, katika gereza la Green Haven huko New York, wafungwa waliokuwa wakiwasaidia vijana wasifuate njia yao waliwaomba Wakristo wa madhehebu ya Quaker wawaandalie mafunzo ya kuepuka ugomvi na ukatili. Ndipo ulipoanzia mpango wa Alternatives to Violence Project, ambao umefika hata kwa jirani zetu Kenya, Rwanda na Burundi. Humo wafungwa wenyewe hufunzwa, kisha wakawaongoza wenzao.

Ukenda tena usimuulize wanazungumza nini, hayo ni ya mkekani. Muulize yeye anaendeleaje.

Mimi ni askari. Mkimpa mfungwa uongozi juu ya wenzake, mmerudisha unyapara kwa jina jipya. (Hakutaja mahali)

Afande, umegonga penyewe. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zimelisemea jambo hili katika kanuni ya 40: mfungwa asipewe kazi yoyote ya kuwatia adabu wafungwa wenzake. Hapo hapo kanuni inaruhusu wafungwa, wakisimamiwa, wakabidhiwe shughuli za kijamii, za elimu au za michezo katika vikundi vyao. Mstari uko hapo.

Kwa vitendo, kiongozi wa kikundi hagawi chakula, hapangi nani alale wapi, wala hapeleki majina ofisini. Akipewa hata kimoja katika hayo, watu watakuja kumwamkia na kumchekea, na ukweli hamtausikia tena. Waongoze wawili wawili, na wabadilishwe. Mimi nina wasiwasi sana na kiongozi anayependwa mno. Akihamishwa tu, kila kitu kinaanguka.

Na wewe kaa pale unapowaona bila ya kuwasikia. Lakini yapo ambayo lazima yakufikie, na yatajwe wazi tangu siku ya kwanza ili mtu asije akasema kasalitiwa: anayetaka kujidhuru na anayepanga kumdhuru mwengine.

Kwa nini isiwe darsa tu? Wakae, wasomeshwe dini, watatengenea. (Maalim, Chake Chake)

Maalim, darsa iwepo, nani atakayeikataa? Ila kwenye darsa anasema anayejua, na waliobaki husikiliza. Kijana aliyekuwa akivuta unga hawezi kukwambia wewe, na kanzu yako hiyo, kwamba jana usiku alitamani unga mpaka akatetemeka. Ataona haya. Atamwambia aliyepita njia hiyo hiyo.

Wala sisi si wageni wa jambo hili. Tangu mwaka 2009 Unguja ina sober house, nyumba ambazo walioacha unga huwashika mkono wanaotaka kuacha, kwa zile hatua kumi na mbili zilizotokana na Alcoholics Anonymous, chama cha walevi walioamua kuacha pombe, kilichoanza Ohio, Marekani, mwaka 1935. Wanaokaa humo wanasali na wanafunga kama sisi, na mambo hayo mawili hayajagombana.

Mume wangu yuko rumande, kesi haijesha. Akiingia kikundi aeleze yaliyotokea? (Mke, Mkoani)

Hapana, dada. Kesi aizungumze na wakili wake. Anayemsikiliza leo anaweza kuitwa kesho kutoa ushahidi, na ahadi ya siri waliyopeana mkekani haimfungi hakimu. Aseme anavyohisi, anavyolala, anavyowakumbuka watoto. Kuhusu siku ile, kimya.

Akihudhuria vizuri atatoka kwa msamaha wa Mapinduzi? (Kaka, Mahonda)

Msamaha wa 12 Januari ni wa Rais, haununuliwi kwa mahudhurio. Na mimi sitaki vifungamanishwe kamwe, maana mkeka utajaa watu wanaohesabu vipindi.

Nimetoka mwezi uliopita. Ndani nilikuwa na kikundi, nje sina kitu. Maskani wananiita kila jioni. (Kijana, Jang'ombe)

Hapa ndipo vikundi vingi vinapokatikia, getini. Watu husema kijana alijifanya tu kubadilika. Mimi naona aliachwa peke yake.

Watafute wawili uliokaa nao ambao nao wametoka. Wawili wanatosha. Wekeni siku moja ya wiki na saa isiyobadilika, baada ya Isha kwa mfano, na pahala pasiwe maskani yenu ya zamani. Masharti yale yale ya ndani. Nenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wenu, ujitambulishe mwenyewe kabla hajakusikia kwa watu. Utamhitaji siku ukitafuta barua ya kazi.

Kama ulikuwa ukitumia unga, jambo hili ulishike: mwili uliokaa miezi bila ya unga hauwezi tena kile kipimo cha zamani. Wengi wanaofariki baada ya kutoka hufa kwa kurudia kipimo kile kile. Ukizidiwa na hamu saa nane za usiku, usingoje siku ya kikundi. Mpigie simu mmoja wa wale wawili, na mkubaliane leo kwamba simu hiyo itapokelewa.